Kiti cha Madumu

Mimi ndiye niliyemwambia mama aketi. Nalisema hilo mapema, maana ndugu zangu wakisimulia habari hii lawama yote hukiangushia kiti, nami huwa nanyamaza kimya kama simjui aliyeongea siku ile.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu, Unyambwa. Mama alikisogelea kiti cheupe cha plastiki, vile vya kukodi, akakizunguka kidogo. Mama yangu ni mwanamke wa mwili, mwili aliojaliwa na Mungu na kuulinda kwa ugali wa mtama. Alipomaliza kukizunguka kile kiti akaniangalia mimi. Mimi ni mwalimu wa kemia, na sauti ya darasani huniponyoka popote, hata msibani.

"Keti, mama," nikasema. "Plastiki haivunjiki. Inapinda tu."

Watu wa meza tatu walinisikia. Mama akaketi. Kiti hakikupinda. Kilitoa mlio wa muwa unaovunjwa gotini, miguu ikaenda pande nne, na mama akaenda chini na sahani yake ya pilau. Waliomwinua walikuwa wengi na waliocheka walikuwa wengi zaidi, ingawa walijifunika midomo kwa adabu. Tulirudi nyumbani Iguguno jioni ile, tukakuta video imeshatutangulia.

Kicheko mama angeweza kukisamehe, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mcheshi na amewacheka watu wengi walioanguka. Kilichomshinda ni upole uliofuata. Tangu siku ile, kila sherehe aliyokwenda alikuta kamati wameshampangia viti viwili, kimoja kimetumbukizwa ndani ya kingine, vimewekwa pembeni vikimsubiri. "Mama, wewe karibu hapa," wanamwambia kwa sauti ya chini, kama anayeonyeshwa njia ya chooni. Mama anashukuru, anasimama. Akawa anasimama ibada nzima karibu na mlango, magoti yakimuuma mpaka usiku anayakanda kwa mafuta. Akasimama kwenye vikao vya kikundi chake. Mwisho akaacha kwenda kabisa.

Nyumbani akabaki na sehemu mbili tu za kuketi, kitandani na kwenye ngazi ya saruji ya mlangoni. Viti vya mbao tulikuwa navyo, akavikataa vilevile.

"Mama, hiki ni cha mninga," nilimwambia.

"Na kile mwenye shahada alisema hakivunjiki," akanijibu.

Mwenye shahada ni mimi.

Haya yangeweza kuishia hapo, mama akazeekea kwenye ngazi, kama nisingepata mchumba. Alikuwa Mnyiramba wa Kinampanda, mwalimu wa hisabati wa shule yetu, mwanamke asiyeniruhusu kukosea hata nikiwa nimekasirika. Nikapeleka barua ya posa, ikajibiwa vizuri, siku ya harusi ikapangwa. Ndipo nikakumbuka kupakatwa.

Katika ukoo wetu bibi harusi hahesabiwi kuwa amefika mpaka mama mkwe ampakate. Anaketi mbele ya watu wote, bibi harusi analetwa anakaa mapajani mwake, wanawake wanapiga vigelegele, basi, huyo sasa ni mtoto wa nyumba hiyo. Mama mkwe asipoweza, anapakata shangazi wa bwana harusi. Na aliyempakata ndiye mwenye neno kwa huyo mke. Ndiye anayeitwa mtoto akizaliwa na ndiye anayesikilizwa mkigombana. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ni mwanamke anayelingana na mama kwa uzito na kumzidi mbali kwa sauti. Aliposikia kwamba mama haketi siku hizi, alishona kitenge kipya kabla hata sisi hatujachagua rangi za harusi.

Nilimfuata mama mezani kwake kando ya barabara, anapouza mafuta ya alizeti na asali. Alikuwa amesimama, bila shaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Shangazi yako atampakata," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mimi nitasimama pembeni nipige vigelegele. Vigelegele havihitaji kiti."

Alisema huku akifuta chupa ambayo ilikuwa safi tayari. Mimi ni mtoto wake wa mwisho, na mtu wa kumpakata mke wangu hakuwa mwingine ila yeye. Niliumia. Na mimi nikiumia huwa silii, nakasirika, na nikikasirika naanzisha mradi.

Nikaamua kumtengenezea kiti cha plastiki.

Rafiki yangu fundi wa kuchomelea, mwenye karakana jirani na mashine ya kukamua alizeti, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "mimi nachomelea vyuma. Nikupe cha chuma, nusu siku kimekwisha."

Nikamwambia sikuja kwake kutafuta ushauri. Plastiki ndiyo iliyomwangusha mama, na mimi ndiye niliyeisifia mbele ya meza tatu, kwa hiyo plastiki hiyohiyo ndiyo itakayomwomba radhi. Tena ajue kilichomo. Fundi akachukua vyuma vyake akanitengenezea kalibu, boksi refu la kumiminia plastiki litoke kama ubao, lenye mfuniko unaokandamizwa na jeki ya gari.

Mali ghafi haikuwa shida. Iguguno ukikosa kila kitu hukosi madumu ya njano yaliyobeba mafuta ya alizeti. Na mafuta mengine huuzwa barabarani kwenye chupa za maji zilizokwisha kazi. Watu wengine wangepanga plastiki zao kwa rangi au kwa ukubwa. Sisi tulipanga kwa alizeti. Chochote kilichowahi kubeba mafuta ya alizeti, tulikihesabu kuwa cha jamii moja. Dumu na chupa vimekaa kwenye meza moja na kubeba kitu kimoja miaka yote, vingekosaje kuelewana? Hakuna aliyetuambia hivyo, tulijua wenyewe.

Tukakatakata vyote, tukatia kwenye pipa lililokatwa nusu, moto chini. Madumu yakalegea haraka, yakawa uji wa njano. Chupa zikajikunyata, zikawa vigololi, zikakaa. Tukaongeza moto. Uji ukaanza kuungua na kutoa moshi mweusi, majirani wakafunga madirisha, mwanamke mmoja akaanua nguo zake kwenye kamba huku akinitaja kwa Kinyaturu, nami sitatafsiri. Vigololi vikakaa vilevile. Ubao ulipotoka kwenye kalibu ulikuwa mweusi, una madonge ndani kama makande yaliyopakuliwa mahindi hayajaiva. Fundi aliuegemeza ukutani ili auangalie vizuri. Ukavunjika kwa kuegemezwa.

"Chupa ndizo mbaya," nikasema.

"Chupa, au mwalimu?" akauliza fundi.

Mara ya pili tulitupa chupa. Badala yake, kwa kuwa madumu yaliyobaki hayakutosha, tukaongeza ndoo zilizopasuka, za bluu, ambazo kila nyumba inazo mbili tatu zinazopandwa vitunguu. Na hapo, jamani, mambo yalikuwa matamu. Vyote viliyeyuka, vikachanganyika, vikawa laini bila donge hata moja. Nilikoroga mwenyewe kwa bomba la chuma. Ubao uliotoka ulikuwa wa njano wenye mawimbi ya bluu, unang'aa, mtu angeweza kuuweka sebuleni. Tukatoa mbao nyingine nne, fundi akaziunga kwa bolti, tukawa na kiti kirefu chenye egemeo. Nilikipiga picha nikaweka kwenye simu ili watu wote waione. Niliandika chini yake, "Kemia." Neno moja tu. Hata leo nikikumbuka lile neno nasikia aibu masikioni.

Nikakibeba nyumbani. Mama alikuwa kwenye ngazi yake, mchumba wangu amekuja kumsalimia, fundi amenifuata nyuma. Nikakiweka kiti uani, nikaanza kufundisha. Nilieleza nguvu ya plastiki, nikaeleza joto, nikaeleza kwamba vitu viwili vikiungana hupeana sifa zao nzuri. Mama akasema ananisikia. Basi ili kutia muhuri, nikaketi, nikajitupa nyuma kwenye egemeo kama mbunge.

Hakikuvunjika. Kilibanduka. Mbao zake zilianza kuachana tabaka baada ya tabaka, taratibu, kila tabaka kwa sauti yake, nami nikiwa bado katikati ya sentensi. Nilishuka kwa hatua, kama mtu anayeteremshwa kwenye kisima. Nilipofika chini nilikuwa na ganda la bluu mkono mmoja na la njano mkono mwingine.

Mchumba wangu alikuwa anatazama angani. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Unyambwa. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, akacheka mpaka machozi, akajaribu kusema "pole baba" likamshinda, akaanza upya. Fundi naye akaachia, na mchumba wangu, aliyekuwa bado hajaolewa na alipaswa kujizuia mbele ya mkwe, akajifunika khanga kichwani ili acheke kwa nafasi. Nilikasirika sana pale chini. Lakini nasema kweli, ningeanguka tena mara tatu ili mama acheke vile.

Alipopata pumzi akaomba apewe kipande. Akakitia ukucha ubavuni, akakibandua kama kitunguu.

"Umechanganya," akasema.

"Niliyeyusha vizuri, mama. Vilichanganyika kabisa. Niliona kwa macho."

"Vikiwa vya moto. Sasa vimepoa, kila mmoja kaenda kwao." Akanielekezea chupa za asali dirishani. "Asali ya nyuki wakubwa inaganda. Ya nyuki wadogo haigandi, ina maji. Yuko mtu ananiletea kutoka Itigi, anazichanganya apate nyingi. Siku ya kwanza hata mimi unaweza kunidanganya. Iache mwezi. Ya chini imeganda, ya juu inaogelea. Utaikoroga mpaka mkono ukatike, hazitaganda pamoja."

Sasa hapa ndipo aliponiumiza zaidi ya kiti, kwa sababu nilikuwa najua. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo kwa chaki. Plastiki ikiyeyuka, nyuzi zake ndefu hulegea na kusokotana kama mlenda. Ikipoa, nyuzi hizo hujikunja na kujipanga, kunjo juu ya kunjo, kama khanga zinavyopangwa sandukuni. Mafungu hayo ndiyo fuwele, yanaipa plastiki ugumu, na nyuzi zinazotoka fungu hili kuingia fungu lile ndizo zinazoishika isivunjike. Lakini uzi wa ndoo haukunjiki kama uzi wa dumu. Ndoo huwahi kuganda na dumu bado uji, kila moja inapanga sanduku lake, na pale zinapopakana hakuna uzi unaovuka mpaka. Umepata ubao unaopendeza kwa nje, na ndani ni majirani wasiosalimiana.

Mchumba wangu alikuwa ameinuka. Akachukua dumu moja uani, akaligeuza. Akageuza na ndoo ya kunawia.

"Mwalimu," akaniita, na hakuwahi kuniita mwalimu nje ya shule ila akiwa na jambo, "hizi namba za ndani ya pembetatu huku chini ulikuwa unazionaje? Dumu mbili. Ndoo tano. Na hii chupa, moja. Kila aina ya plastiki na namba yake."

Nikawaza kusema uongo. "Nilidhani ni saizi," nikasema.

Fundi alilazimika kutoka nje ya ua.

Mara ya tatu kazi haikuwa yangu tena. Mama aliisimamia akiwa kwenye ngazi yake. Aliamuru pipa lihamishiwe uani kwetu, akaamuru madumu matupu ya namba mbili yaletwe kutoka kwa wauzaji wenzake wa barabarani, akayapokea moja moja, analigeuza chini anasoma, ananusa mdomo, lenye utando wa mafuta linarudishwa kuoshwa kwa majivu na maji ya moto. Mchumba wangu aliosha. Mimi nilikata vipande, na kila nilipotaka kueleza jambo niliambiwa nikate vipande. Vizibo vichache vya bluu viliponyoka vikaingia pipani kabla mama hajaona, vikaacha madoa madogo. Alivikunjia uso, lakini punje chache katika pipa zima hazikuleta ugomvi.

Kwenye kupoza ndipo alipokuwa mkali zaidi. Mimi nilitaka tutumbukize kalibu kwenye maji, tuokoe muda. Akakataa, nje kutaganda na ndani bado moto, ubao utajivuta wenyewe kwa wenyewe. Alijuaje sijui, labda kwa sabuni anazomimina za kikundi. Tukakaza jeki, tukafunika kalibu kwa magunia, na asubuhi yote hakuna aliyeruhusiwa kufunua, kama vile asivyoruhusu mtu kufunua wali wake. Mbao zilitoka za njano ya kuchuja, zina madoa ya bluu, sura mbaya. Fundi alitoboa akalaani, maana keekee ya mashine yake ilikuwa inazama polepole na plastiki inaning'inia nyuzi nyuzi bila kukatika. Nilipomsikia akilaani nilifurahi moyoni.

Kiti kikasimama. Tukakipakia magunia ya alizeti, tukakaa mimi na fundi kwa pamoja, tukakitingisha. Mama alitazama yote kutoka kwenye ngazi.

"Sasa jaribu wewe, mama."

"Nimeona," akasema, akaingia ndani.

Siku zikaja zikapita, kiti kikabaki uani, kuku wakakipanda. Hakukikalia hata mara moja. Sikumwuliza. Shangazi naye akafika siku mbili kabla ya harusi, na kitenge chake, akakaa kwenye kochi letu bila wasiwasi wowote.

Siku yenyewe bibi harusi aliletwa mchana na watu wa Kinampanda, nyimbo zao zikitangulia. Wetu wakajibu za kwetu, vumbi likapanda. Uani paliachwa nafasi katikati, na katikati ya nafasi hiyo kiti changu, bila kitambaa, madoa yote nje. Nilikwisha kukichukia. Halafu kijana wa kamati, kwa nia njema kabisa, akatokea na viti vyeupe viwili, kimoja ndani ya kingine, akaviweka kando yake. Nikamwona mama anaviona. Nikajua yamekwisha. Shangazi akakohoa, akajinyoosha kitenge.

"Wifi," mama akamwita. "Karibu. Keti wewe."

Shangazi hakusubiri kuitwa mara mbili. Akaja akitabasamu pande zote, akakiangukia kiti cha madumu kwa uzito wake wote na furaha yake yote, akafungua mikono kumpokea bibi harusi. Mama hakuondoka. Akazunguka nyuma ya kiti. Akainama, kwa magoti yale, akachungulia chini. Akagonga mguu mmoja wa kiti kwa ncha ya kiatu, kisha wa pili.

"Cheza kidogo, wifi," akasema. "Ni harusi ya mtoto wetu."

Shangazi akacheza hapo hapo alipokaa, mabega, kiuno, kila kitu, wanawake wakashangilia. Kiti kilipinda kidogo. Kikarudi. Kikapinda, kikarudi, hakikutoa hata mlio.

Mama akanyooka. "Asante sana, wifi," akasema. "Sasa inuka."

Shangazi alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona watu wa Kinampanda wanamwangalia, akainuka kwa heshima aliyoweza kuikusanya. Alinisalimia tena baada ya miezi mitatu.

Mama akageuka akakipa kiti mgongo. Akashusha mkono wa kulia, akashika ukingo. Akashuka kidogo, akasimama hapo katikati ya hewa. Kisha akajiachia, uzito wote. Kwa mara ya kwanza nilimwona mama akiketi mbele za watu bila kumwangalia mtu yeyote usoni.

Wakamleta mke wangu, wakamkalisha mapajani. Mke wangu si mwembamba, na kwa huruma alikuwa amekaza vidole vya miguu ardhini, anajibeba mwenyewe. Mama akamtikisa bega.

"Keti kweli, mwanangu. Usinionee huruma."

Akaketi kweli. Vigelegele vilipanda pande zote mbili, watu wa Kinampanda na wa kwetu, sikuweza kutofautisha. Nilikuwa nalia, na sikukasirika.

Wimbo ukaisha. Mshereheshaji akawakaribisha watu kwenye chakula, wakaanza kusogea, ua ukabaki na vumbi. Mama hakumwachia bibi harusi. Nikasubiri kidogo, nikamwinamia sikioni.

"Mama, inatosha. Watu wanaenda kula."

"Waache wale, baba," akasema, akamvuta mke wangu karibu zaidi, macho ameyafumba. "Mimi nimesimama siku nyingi."